Chupa ya Sungura

Mimi nina hasira za karibu, kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka inajua. Ukija mezani kwangu ukasema tangawizi ya Anifa siku hizi haiwashi, utaondoka umenisikia mpaka kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo niseme mapema: siku ile madrasani, mbele ya wazazi wote, nilipomkaripia mwanangu anywe, haikuwa mara yangu ya kwanza kusema kabla ya kufikiri. Ila ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshukuru Mungu kwamba mtoto amenikaidi.

Mwanangu huyo ni Yasmine. Ana miaka tisa, na ana kisukari. Ni kile cha watoto, cha sindano asubuhi na jioni. Kilimshika mwaka juzi ghafla. Maji alikunywa hayamtoshi, nyama zikamwisha mwilini, mpaka siku moja akalala hajitambui. Tangu hapo tunaishi na kimashine cha kupimia damu, daftari la namba, na chungu chenye mchanga wa unyevu nyuma ya mlango, ambamo dawa yake inakaa kwenye ubaridi. Namba zikipanda, na moyo wangu unapanda nazo.

Na mimi mama yake nauza nini? Nauza utamu. Natwanga tangawizi, nachemsha, nachuja, natia sukari, ndimu na nanasi, halafu najaza kwenye chupa. Chupa zenyewe ni hizi za plastiki za vinywaji vya watoto, zilizokwisha kunywewa. Majirani wananiletea tupu, naziosha kwa maji ya moto na punje za mchele mpaka zinang'aa. Lebo zake siziondoi, kwa sababu picha ndizo zinazouza. Huyu anataka ya tembo, yule anataka ya kasuku, na ndani ni tangawizi ileile ya ndoo moja. Kila mwanamke mwenye ndoo na kichujio hapa kambini anauza hivyo, wala hakuna anayedanganyika, maana kila mtu anajua. Angalau mimi niliamini hivyo.

Mwaka huu Maalimu Djuma alitangaza kwamba watoto kumi na wanne watahitimu Juzuu Amma, ile ya mwisho ya Kurani, na jina la Yasmine lilikuwa la tatu. Nilipiga vigelegele palepale mlangoni, hata Maalimu akanitazama. Nilirudi nyumbani natembea juu ya hewa. Kumbe mwenyewe amekaa kwenye mkeka, ameinama.

"Mama, Juzuu nitamaliza," aliniambia. "Lakini siku ya fête mi siendi."

"Juu ya nini?"

"Juu batoto bote batakunywa, mi nitashika kikombe ya maji. Siku ya Idi baliniuliza kama niko mugonjwa. Nikasema nilishakunywa yangu ku nyumba. Nilibeya, ilikuwa uongo."

Madrasa yetu ina desturi yake siku ya sherehe. Baada ya dua, kila mtoto anapewa chupa mkononi, na hakuna anayefungua mpaka wa mwisho naye awe na yake. Kisha Maalimu anasema bismillahi, na vifuniko vyote vinafunguka pamoja. Watoto wanaisubiri sauti ile mwaka mzima. Mwanangu alikuwa tayari kuisoma Juzuu nzima kwa moyo halafu ajifiche nyumbani, ili asionekane na kikombe cha plastiki.

Nilimshika kidevu. "Utakwenda. Na utakunywa mu chupa, yenye picha, kama bale bengine. Mi Anifa njo nasema."

Nilisema hivyo bila kujua chupa hiyo iko wapi duniani.

Siku ya kliniki ilikuwa Jumanne iliyofuata, kwenye hospitali kubwa ya Lilongwe. Tulikwenda watatu: mimi, Yasmine, na jirani yangu Cécile. Cécile ni mshonaji, mtu wa Uvira, Mkongo kama mimi, mama wa Kelly, na ndiye anayeongoza kwaya ya kanisa lao. Yeye alikuwa anafuata zipu na nyuzi mjini. Mimi namwita Mama Kelly, yeye ananiita Mama Yasmine, na tumegombana mara nyingi kiasi kwamba sasa ni ndugu. Macho yake yanapitisha uzi kwenye sindano bila kupepesa. Nilimwambia siku hiyo nayahitaji macho hayo kuliko yeye anavyozihitaji zipu.

Nesi wa kliniki, mama wa Kimalawi mwenye sauti ya kuamrisha, alicheka nilipomuuliza kama kipo kinywaji cha watoto ambacho mwanangu anaweza kukinywa bila kuharibu namba. Akachukua chupa tupu iliyokuwa dirishani, akaigeuza mgongo. Mbele, alisema, wameandika wanayotaka uyaone, kwa hiyo wewe soma nyuma. Vitu vimepangwa kwa wingi wake: cha kwanza ndicho kilicho kingi, cha mwisho ndicho kidogo. Ukikuta sukari ni ya pili baada ya maji, rudisha chupa mahali pake. Na sukari haina jina moja. Kuna sharubati ya mahindi, kuna glukosi, kuna fruktosi, kuna dekstrozi, kuna maltozi, na zote zinaingia kwenye damu ya mtoto. Kisha tafuta kile kijisanduku chenye namba, uone ndani ya mililita mia kuna gramu ngapi.

Yasmine aliyaandika yote kwenye daftari lake la namba, ulimi umetoka pembeni. Kiingereza anakisoma vizuri kuliko mimi, maana ndicho cha shuleni kwao hapa, na mimi shule yangu ya Kindu ilikuwa ya Kifaransa.

"Sasa niko na liste," alisema tulipotoka. "Twende."

Yaani niwaambieni, nilisahau njaa, nilisahau jua. Tulianza kwenye maduka ya mtaa wa Area 36. Nilikuwa nimezoea kuingia duka nikitazama bei na picha. Siku ile tuliingia kama polisi. Chupa ya kwanza ilikuwa na nyani anayecheza mpira juu ya rundo la machungwa. Machungwa yanameremeta mpaka mate yakanijaa. Cécile akaigeuza, akaisogeza puani.

"Soma, Mama Kelly."

"Ngoja kwanza. Hii maandishi bameandikia siafu." Akavuta pumzi. "Maji. Sukari."

"Ya pili," alisema Yasmine. "Rudisha."

"Na machungwa iko wapi?" niliuliza.

Cécile alishuka na kidole, akashuka, akashuka. "Hapana machungwa. Iko rangi, iko harufu."

Nilihisi damu inanipanda. Nimeziuza chupa za nyani huyo miaka mingapi, nikijua ndani ni tangawizi yangu, lakini sikujua kwamba hata kabla yangu hazikuwahi kuwa na chungwa. Nilimuuliza mwenye duka machungwa yamekwenda wapi. Alinijibu kwa Kichewa kwamba yeye anauza tu, hakuyapanda. Cécile akanivuta gauni tukatoka.

Duka la pili, ya kasuku: sukari ya pili. La tatu, ya tembo: maji, sharubati ya glukosi, sukari. Yasmine alipiga makofi kwa kuwakamata wawili kwa mpigo, akaweka alama mbili kwenye daftari. Hapo nikaona jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu augue. Mtoto alikuwa anafurahi. Alikuwa anatangulia mbele yetu, anageuza chupa kabla hatujafika, anatangaza matokeo kama mtu wa redioni. Watoto wengine wanakimbilia picha, wa kwangu alikuwa anakimbilia mgongo.

Kule mtaa wa Chinsapo karibu tupate. Chupa ndogo, nzuri, mbele wameandika kwa herufi nene kwamba hakuna sukari iliyoongezwa. Nilishaanza kufungua fundo la kitambaa changu nilipe. Yasmine akaweka mkono juu ya mkono wangu.

"Ngoya, mama. Kijisanduku." Akasoma polepole. "Sukari, gramu kumi na moja."

"Lakini banasema habakuongeza," nilisema.

"Habakuongeza juu ilikuwamo. Ni jus ya zabibu bamechemsha ikakuwa nzito. Nesi alisema ile pia inahesabika."

Mimi ningelipa. Ningempa mtoto chupa ile siku ya sherehe kwa moyo mweupe, na jioni ningekuwa nakimbia naye zahanati. Nilifunga fundo langu tena.

Jua lilikuwa linapinduka tulipoingia kwenye duka kubwa la mjini, lile lenye vikapu vya magurudumu na ubaridi wa mashine. Rafu ya vinywaji vya watoto ilikuwa ndefu kama ukuta wa kanisa la kina Cécile. Tukagawana. Cécile juu, mimi katikati, Yasmine chini. Tunachukua, tunageuza, tunasoma, tunarudisha. Askari wa mlangoni hakuvumilia, akatufuata.

"Mukufuna chiyani, amayi?" alituuliza, yaani tunataka nini.

"Kusoma," nilimjibu kwa Kichewa changu kibovu. Nadhani hakuwa amewahi kupewa jibu hilo, maana alibaki amesimama hapo, mikono nyuma, akitutazama kama wanaosahihisha mtihani.

Kisha Yasmine akachuchumaa mbele ya chupa yenye sungura aliyevaa miwani, kinywaji cha rangi ya ndimu, kizito kidogo kama ukungu. Alisoma nyuma. Akasoma tena. Akampa Cécile.

"Maji," alisoma Cécile. "Asidi ya ndimu. Harufu. Ile ya kutia utamu isiyokuwa sukari. Rangi. Ya kuzuia kuharibika." Alifika mwisho, akapanda juu tena. "Kijisanduku: sukari, sifuri. Mama Yasmine, ni sifuri."

"Soma tena."

"Ni sifuri, nakuambia."

Nilimpa askari naye asome. Aliigeuza, akaikunja sura, akasema kweli ni ziro, na akatabasamu kana kwamba mtoto ni wake. Nilimkumbatia Cécile pale kati ya rafu, zipu zake zikamwagika sakafuni. Nilinunua chupa nne. Moja ya kujaribu, moja ya sherehe, na mbili za akiba, maana mimi na bahati hatujazoeana vya kutosha.

Jioni ileile tulifanya jaribio. Kimashine kikasoma mia na thelathini. Yasmine akafungua kifuniko, kikalia *tak*, akanywa yote kwa mikupuo midogo, macho ameyafumba. Kwa saa mbili nzima tukakaa kwenye mkeka tunatazamana. Tukapima: mia na ishirini na nane. Mtoto aliruka, akampigia kelele Cécile ng'ambo ya ukuta, na Cécile akaanza kuimba wimbo wa kwaya na cherehani ikimfuatia. Mimi nililia kidogo. Kisha nikainuka, nikakusanya vyombo, nikaosha vikombe, nikaosha na chupa, nikaiweka ikauke pamoja na wenzake. Mkono wangu una miaka minane unaosha chupa na haujui kutupa hata moja.

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya vinywaji vya wote, na tangu alfajiri nilikuwa nachuja na kujaza. Kabibi, mdogo wangu, alikuwa ananisaidia kubeba. Chupa moja ya sungura nilikuwa nimeitenga juu ya meza ndani ya nyumba tangu jana, na mbili za akiba nilizilaza ndani ya mtungi wa maji zipoe. Nilimwambia Kabibi abebe makreti, na chupa ya Yasmine aitie ndani ya mfuko wangu. Alibeba yote kama nilivyosema. Chupa ya sungura aliiona kwenye kreti la mbele, akaitoa akaitia mfukoni, akajua amemaliza. Hakuwa na kosa. Nani angemwambia kwamba nyingine ilikuwa mezani?

Uwanja wa madrasa ulijaa. Kina mama wa Kindu tulivaa vitenge vya kufanana, Cécile naye alikuja na gauni lake la Jumapili na viatu vya kisigino, akakaa mstari wa mbele kama mwenye arusi. Watoto walisoma mmoja mmoja. Yasmine aliposoma sauti yake haikutetemeka. Kila alipomaliza sura nilijikuta nimesimama, na Kabibi ananivuta nikae.

Dua ikaisha. Tukagawa chupa, kuanzia wadogo. Watoto karibu mia, kila mmoja kashika yake kwa mikono miwili, vidole juu ya kifuniko. Yasmine alikuwa wa mwisho, kwa sababu nilitaka nimpe mwenyewe. Nikatoa chupa ya sungura mfukoni, nikaiinua kidogo ili ionekane, nikamwekea mkononi. Wenzake walimtazama kwa wivu, maana chupa yake ilikuwa nzuri kuliko zao zote.

Maalimu akafungua mdomo aseme bismillahi.

Yasmine akageuza chupa mgongo.

"Umeishasoma hiyo," nilimnong'oneza. "Umeisoma mara mia. Kunywa."

Macho yake yalikuwa yanashuka kwenye yale maandishi ya siafu. Maalimu alikuwa anasubiri, watoto mia walikuwa wanasubiri, na mtoto wangu amesimama anasoma kama tuko kwenye duka la Chinsapo. Nikasikia mama mmoja nyuma anacheka. Hapo hasira zangu zikafika.

"Yasmine," nilisema kwa sauti, na uwanja mzima ukasikia. "Nimenunua mi mwenyewe. Acha kusoma, ukunywe. Bantu banakungoya."

Aliinua uso. Alikuwa ameogopa, lakini hakufungua. Aliinua chupa kwenye mwanga, akaninyooshea kidole kitakoni mwa chupa.

"Mama, angalia chini. Iko unga mweupe."

Nilitazama. Chini kabisa, kimya kabisa, kulikuwa na tabaka jembamba jeupe, unene wa ukucha. Kila anayetengeneza tangawizi anaujua unga huo. Hata uchuje kwa kitambaa mara tatu, tangawizi ikitulia huacha wanga wake chini. Nimeuona kila siku ya maisha yangu ya kazi.

"Mu karatasi bameandika maji, asidi, harufu, rangi," alisema Yasmine, pole, kama ananiomba radhi. "Tangawizi haimo."

Nilimnyang'anya. Kifuniko kikafunguka bila kulia. Nikaonja. Ilikuwa ndoo yangu ya alfajiri, yenye sukari yote niliyoimwaga kwa mkono wangu, ndani ya ile chupa niliyoiosha usiku wa furaha.

Nilikaa chini palepale kwenye mchanga na kitenge changu kipya. Mwanangu alikuwa amenikaidi mbele ya watu, na mimi ndiye niliyekuwa namlazimisha.

"Nini tena?" aliuliza Maalimu Djuma.

Sikuficha. Niliwaambia wote, nikiwa chini vilevile. Niliwaambia kwamba chupa inasema sifuri na ndani ni tangawizi yangu, kwamba ni mimi niliyeijaza na ni mimi niliyempa. Hakuna aliyecheka safari hii. Maalimu akawageukia watoto.

"Hakuna wa kufungua," alisema. "Mwenzenu bado hana yake."

Cécile alikuwa amekwisha kuinuka. "Zile mbili ziko wapi?"

"Mu mtungi."

Akavua viatu vya kisigino, akashika kimoja kila mkono, sijui kwa nini hakuviacha, akakimbia. Niseme tu kwamba mama huyo si mwembamba. Tulimsikia anapiga kelele watu wampishe, tukasikia mwendesha kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, anapiga kengele, kisha tukamwona anarudi amekaa nyuma ya kabaza, gauni la Jumapili linapepea, viatu mkono mmoja na chupa mbili mkono mwingine zinachuruzika maji. Kabibi ndiye aliyeanza vigelegele, na kina mama wote wakamfuata. Wakati wote huo watoto mia walikuwa wamekaa na chupa zao wala hakuna aliyeiba hata tone. Mdogo mmoja wa miaka minne alikuwa anaibusu ya kwake.

Yasmine alipokea chupa. Akatazama chini: safi. Akageuza mgongo, akasoma mstari wa kwanza hadi wa mwisho, tena kwa sauti, na safari hii hakuna aliyethubutu kumharakisha, mimi nikiwa wa kwanza kunyamaza. Akafika kwenye kijisanduku.

"Sukari, sifuri," alisema.

Maalimu akasema bismillahi. Vifuniko vikafunguka. Mia vilifunguka kimyakimya, kwa sababu ni vya kwangu na vilishafunguliwa zamani. Kimoja tu kililia *tak*, na uwanja mzima ukakisikia. Yasmine akanywa pamoja na wenzake, kichwa kimeelekea juu, kinywaji kikimchuruzika shingoni, na nilimwacha achafue gauni lake kadiri alivyotaka.

Jioni tukapima. Mia na ishirini na sita.

Kesho yake nililoweka chupa zote kwenye beseni la maji ya moto, na tembo, kasuku, nyani wote wakavuliwa nguo. Yasmine alikata vipande vya karatasi, akakaa na kalamu, tayari kuandika lebo zangu mwenyewe. Cécile alikuwa mlangoni anashona pindo, masikio wazi.

"Andika tangawizi," nilisema.

"Ya kwanza ni ile iko mingi, mama. Maji njo mingi."

"Haya, maji. Kisha tangawizi."

Hakuandika. "Mu ndoo moja unatia kopo ngapi ya sukari?"

Nikamwambia.

"Na ya tangawizi?"

Nikaanza kukunja vitenge ambavyo vilikuwa vimekunjwa tayari. Cécile alicheka mpaka sindano ikamchoma. Mtoto akaandika: maji, sukari, nanasi, ndimu, tangawizi. Kinywaji kilichonilisha miaka minane, jina lake likawa la mwisho kwenye mgongo wake mwenyewe. Nilikasirika kweli. Nilimtafuta wa kumkasirikia, sikumpata.

Jumatano nilikuwa sokoni Mponela, nanunua tangawizi mara mbili ya kawaida yangu. Ndoo ya kwanza nilipunguza kopo moja la sukari na kuongeza moja la tangawizi, ya pili nikapunguza tena, na Yasmine anasimama pembeni na daftari kama mkaguzi wa serikali. Ilichukua wiki tatu. Bado si kinywaji chake, na anajua, chake ni cha sungura na yeye ndiye anayekisoma. Lakini juzi alichukua kipande kipya cha karatasi bila kuambiwa, akaandika maji, tangawizi, nanasi, ndimu, sukari, akakipaka gundi ya unga wa muhogo, akabandika.

Wateja wamenijia juu. Wanasema tangawizi ya Anifa siku hizi inawasha mno. Nawaambia wageuze chupa wasome.